Pampu Yenye Ililala Kwetu

Trakta ilifika kwetu Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Congo, juu ya lori, imepakwa rangi nyekundu mpya mpaka kwenye nati, na baba yangu hakufurahi hata kidogo. Aliizunguka mara tatu, akatoa ufunguo mfukoni, akakwaruza karibu na tairi ya nyuma. Chini ikatoka rangi ya buluu. Akakwaruza tena. Chini ya buluu ikatoka kutu.

"Mtu hapaki poda bila sababu," akasema.

Yule mwenye alituuzia alikuwa ameapa kwamba trakta ilitoka shamba moja karibu na Katunguru, eti ilifanya kazi kidogo tu, eti mwenyewe alikuwa mzee mmoja aliipenda kama mke. Baba alimuuliza, "Mke wa kwanza ama wa mwisho?" Mtu akacheka. Baba hakucheka. Lakini tulinunua, kwa sababu ya mto.

Mama ya baba yangu, tunamuita mukaka, anakaa chini kabisa, pale shamba yetu inagusana na maji. Mto ilipofurika, ilileta mawe. Mengine ukubwa wa ng'ombe amelala. Ilifunika kahawa yake, ikafunika muhogo, na maji yenyewe ikahama njia. Zamani ulikuwa unatoka jikoni kwa mukaka na kipande cha muwa, unafika mtoni umeshamaliza kutafuna. Sasa zilibaki hatua ishirini na mbili. Nilipima mimi mwenyewe. Kama mvua ya mwezi wa tisa ingetukuta hatujasukuma yale mawe kuwa ukuta kando ya maji, nyumba ilikuwa inaenda. Hakuna mtu alibisha juu ya hiyo.

Mukaka alikataa kuhama.

"Nikilala huko juu kwenu siku mbili, huyu jirani atasogeza mpaka."

"Mama, maji itachukua nyumba," baba akamwambia.

"Maji inachukua mara moja na inapiga kelele. Jirani anachukua kidogo kidogo na anakusalimia."

Sasa mnaona nimezaliwa kwa watu gani.

Mashine za kukodi huko Kasese, wenyewe walikuwa wanatuambia kesho. Tulingoja hiyo kesho miezi miwili. Ndiyo baba akaamua kununua yetu: trakta nzee yenye mikono miwili ya chuma mbele na kijiko kubwa ya kuchota na kuinua. Ilikuwa mwezi wa saba. Siku ya kwanza ikawaka, ikatoa moshi mweusi, majirani wakapiga makofi. Baba akavuta fimbo ya kuinua, ile ya kando ya kiti. Kijiko ikapanda mpaka usawa wa magoti yangu, ikatetemeka, ikashuka yenyewe polepole kama mtu anaketi akiwa ameshiba. Makofi ikaisha.

Kila tuliyemuuliza alitaja fundi mmoja tu, mwanaume wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Congo, anakaa Mpondwe karibu na mpaka. Alikuja na spana zake ndani ya gunia ya mchele. Hakuuliza chochote. Aliomba kipande cha mpira wa maji, akaweka upande mmoja kwenye sikio na upande mwingine kwenye chuma, akasikiliza trakta kama daktari, huku amefumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilimchukia palepale. Mtu anayefumba macho mbele ya mali ya watu anafikiria nini?

"Moteri iko muzuri," alisema. "Pompe ya kuinua njo imechoka. Mipira yake ya kuzuia mafuta imekufa yote. Tutafungua."

Baba akanivuta pembeni. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa S6, ule wa mwisho wa sekondari, nakaa nyumbani, nangoja matokeo, na kungoja inaniuma kama jino. "Utakaa hapa kila siku," baba akasema. "Kazi yako ni macho. Mafundi wanafungua kitu kizima, wanarudisha kitu kingine. Hiyo wanasomea."

Kwa hiyo nilikaa. Nilileta kigoda, daftari, na rangi yangu ya kucha, ile nyekundu ya Idi. Kila kitu alichofungua nilikiandika, na kila kitu niliweka alama ya rangi mahali pa siri. Alipoona, alicheka mpaka akaegemea tairi.

"Dada! Unapaka trakta makucha? Anaolewa lini?"

"Siku utamaliza kazi," nikamjibu.

"Ah, basi atazeekea nyumbani. Haji, sikia mutoto yako!" Baba yangu watu wote wanamuita Haji. Baba alikuwa mbali, lakini alikuwa anaangalia.

Fundi alikuwa na mambo yake yenye ilinichosha. Ijumaa sisi tulikuwa tunamsimamisha saa sita, kwa sababu baba anaenda msikitini na hakutaka fundi abaki na chuma bila mkubwa. Jumamosi fundi mwenyewe hafanyi kazi, yeye ni mtu wa Sabato. Jumapili anavuka mpaka kuona dada yake. Nilihesabu kwenye daftari: wiki yetu ilikuwa na siku nne na nusu. Mto haikuwa na Sabato.

Jumatatu moja akateremsha pampu, ile yenye yeye anaiita pompe. Ni kitu kidogo kwa kazi inafanya, unaibeba kwa mikono miwili kama mtungi. Akamwaga mafuta yake, akaipangusa, akasema mipira yenye saizi hii haiko Bwera, haiko Kasese, itatoka Butembo, huko Congo, na angependa kuibeba pampu nyumbani kwake aifanyie usafi taratibu.

"Hapana," baba akasema kabla hajamaliza. "Pampu inalala kwangu."

"Haji, unaniogopa?"

"Namuogopa kila mtu. Wewe sikukubagua."

Fundi akainua mabega. Akachukua vitambaa, akalowesha na mafuta, akaziba matundu ya pampu yote. Akanipa mimi. "Dada, usitoe hii kitambaa. Uiweke ndani, mahali pakavu. Chuma ikishafunguliwa iko kama mama amezaa juzi, haipendi upepo."

Niliibeba mpaka nyumbani nikiwaza njia nzima: kwa nini nisitoe kitambaa? Nyuma ya kitambaa kuna nini? Kwetu kuna chumba kimoja tu chenye kufuli mbili, stoo ya biashara ya baba. Nikaiweka humo, juu ya magunia. Nikafunga. Nikalala vizuri. Kesho yake nikafungua tena, nikatoa vitambaa vyote, nikamulika ndani na simu. Nilikuta meno ya chuma yanang'aa, na alama yangu nyekundu iko pale. Nikaridhika. Vitambaa nikavitupa, vilikuwa vinachafua magunia.

Mipira haikuja wiki hiyo. Haikuja wiki iliyofuata. Hewa ilianza kuwa nzito, mlima kila mchana ulikuwa unajifunika. Kila asubuhi fundi alikuwa na jibu: barabara mbaya, mtu wake mgonjwa, mzigo uko njiani. Nilianza kuandika majibu yake na saa alizoyatoa, ili siku moja nimsomee yote.

Siku ya soko nilikwenda Mpondwe kununua mchele, na nikamuona. Alikuwa mbele yangu kati ya watu, gunia begani, anatembea haraka kuliko vile anatembeaga kwetu. Niliacha mchele. Nilimfuata kati ya mapipa ya mafuta ya mawese, kati ya wabeba mizigo wanaopiga kelele "chunga, chunga!", mpaka meza ya mtu anayeuza vyuma vya magari. Fundi akafungua gunia, akatoa kifuniko cha chuma, akamkabidhi. Yule muuzaji akakigeuza juani. Pembeni nikaona rangi yangu ya kucha.

Ilikuwa kifuniko cha pampu yetu. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kimebaki juu ya trakta. Damu ilipanda. Nilisukuma watu, nikakamata mkono wake.

"Hiki ni cha nani? Sema! Cha nani?"

Watu wawili watatu wakageuka. Fundi akaniangalia, halafu akaangalia wale watu, na nikaona kitu sikuwahi kuona kwake: uso wake ulikauka.

"Dada," akasema chini chini, "hapa sokoni ile neno yenye iko mu kinywa yako, usiiseme. Nakuomba. Wataniua kabla haujamaliza kuisema."

Kijana mmoja, mbeba mizigo, akasogea. "Nini, sista? Amekuibia?"

Nilikuwa na lile neno tayari kwenye ulimi. Muuzaji ndiye aliniwahi, mtu mnene mwenye haraka zake. "Kifuniko iko saizi moja na mipira yangu," akasema, akatupa mezani pakiti ndogo. "Imeingia leo asubuhi. Munachukua ama munapigania hapa?"

Nikamwambia yule kijana, "Hakuna. Tunabishana bei." Akaenda, lakini aligeuka mara mbili.

Tulipanda boda mbili tofauti kurudi. Nyumbani nilimuuliza baba kama alijua kifuniko kimetoka.

"Aliniomba jana usiku kwa simu. Nikakubali."

"Na mimi hukuniambia?"

"Nilitaka kuona kama macho yako inafanya kazi." Alikuwa ametosheka kabisa. Sikumwambia juu ya yule mbeba mizigo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaketi kwanza.

Asubuhi yake fundi akaja nyumbani kwetu na pakiti ya mipira, akatandika turubai safi, akasema, "Leta pompe." Nikafungua kufuli mbili.

Stoo ya baba ni ya chumvi. Baba ananunua chumvi ya Katwe na anaiuza mpakani, nimekulia juu ya yale magunia. Kila mtu kwetu anajua hewa ikiwa na maji, chumvi inatoka jasho. Ndiyo maana magunia tunayaweka juu ya mbao. Ndiyo maana mabati ya ile stoo yanaliwa na kutu, na chini ya lori yetu ya chumvi kumeshonwa viraka vya chuma kama suruali ya mtu maskini. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu hawezi kuacha panga ndani ya stoo. Lakini mimi nilikuwa nawaza wezi tu, na baba mwenye aliniona nikiipeleka humo, na yeye alikuwa anawaza wezi tu.

Gunia ya chini ilikuwa imelowa. Pampu ilikuwa imeketi humo kama kuku anatamia. Nilipoiinua, maji yenye chumvi ikatiririka kutoka tundu moja, ya rangi ya chai.

Nilimletea hivyo hivyo. Fundi akachungulia ndani. Akaingiza kidole, akakitoa, akakiweka kwenye ulimi. Akaniangalia.

Baba akaja, akaona kutu, akalipuka.

"Hii si pampu yangu! Umebadilisha! Ulienda na kifuniko sokoni, ukaweka chuma ya takataka!"

"Haji, pompe ililala kwako."

"Basi uliimwagia kitu kabla hujatukabidhi! Unataka ninunue nyingine kwa ndugu yako huko ng'ambo! Najua michezo yenu!"

Fundi alianza kukusanya spana. Alizipanga moja moja ndani ya gunia, na kila anapoweka moja ananiangalia kidogo, halafu anaangalia chini. Hakuwa ananibembeleza. Alikuwa ananingoja, kama vile anasikiliza moteri. Na mimi, walahi, bado nilikuwa nawaza: kwa nini hasemi mwenyewe? Ananitega? Akisema "ni mutoto yako," baba hatamwamini, hiyo anaijua. Akaweka spana ya mwisho. Akafunga mdomo wa gunia na kamba. Akasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Niliweka stoo. Juu ya chumvi. Na vitambaa nilitoa, nilitaka kuona kama ameficha kitu."

Baba akaangalia stoo, akaangalia zile kufuli mbili mkononi mwangu, na nikaona anakumbuka kwamba aliniona. Hakuomba msamaha, baba hajui njia ya kwenda huko. Alisema tu, "Fundi, kunywa chai kwanza."

"Sinywi chai yenye mutu ananipa akiwa bado ananifikiria mwizi."

"Basi kunywa yenye huyu atakuletea."

Nikaleta. Alikunywa amesimama.

Alichukua siku sita kuisugua ile pampu na dizeli na msasa laini. Nilisugua pamoja naye, mpaka vidole vikapasuka. Yale meno yenye nilimulika yanang'aa yalikuwa sasa na vishimo vidogo, kama uso uliotoka tetekuwanga. Alipoifunga na mipira mipya, kijiko ilipanda na ilikaa juu. Lakini ilipanda nusu ya nguvu. Ukijaza mawe kijiko nzima, inalalamika na inakataa. Ukijaza nusu, inakwenda.

"Itafanya kazi," fundi akasema. "Lakini kazi ya siku moja sasa iko siku mbili."

Tukaanza. Fundi aliendesha siku zake, baba siku zingine, mimi nilielekeza na nilipaka grisi. Mawe makubwa tuliyasukuma, ya kati tukayainua nusu nusu. Ukuta ulianza kwa juu, karibu na mti wa mparachichi, ukateremka kando ya maji kuelekea jikoni kwa mukaka. Yeye alikaa mlangoni siku nzima akiangalia, trakta kwa jicho moja, jirani kwa lingine.

Mwezi wa tisa, Jumamosi, ukuta ulikuwa umebakiza hatua thelathini. Niliwahi kumuomba fundi, siku moja kabla, aje Jumamosi hiyo moja tu. Nilimwambia mlima umekuwa mweusi.

"Mungu anaona mulima pia," akajibu. "Siwezi, dada. Hata mto ikikuja."

Niliona ni roho mbaya. Niliona anatulipiza kwa lile neno la sokoni.

Mto ikakuja mchana, Bwera ikiwa na jua kali. Huko juu mlimani ndiyo ilikuwa imenyesha. Kwanza tulisikia mawe yakigongana chini ya maji, halafu maji yenyewe ikaonekana, kahawia, imebeba migomba mizima. Baba alirudisha trakta nyuma kwa kasi sijawahi kuona, akaruka, akambeba mukaka mgongoni. Mukaka alikuwa anampiga ngumi: "Niteremshe! Jirani anatuangalia!"

Ukuta ulisimama. Maji ilipita kando yake ikitafuta, mpaka ikafika pale mwisho, kwenye zile hatua thelathini, ikaingia. Ilichukua jiko na sufuria zake, ikachukua banda la kuku, ikafika kwenye ngazi ya mlango wa nyumba, ikasimama hapo. Jioni ilishuka. Nyumba ilikuwa imesimama na matope mpaka dirishani upande mmoja.

Jumapili fundi hakuvuka mpaka. Alikuja asubuhi sana, viatu mkononi, akatembea kwenye matope mpaka pale ukuta unaishia. Mukaka alikuwa pale tayari, ameshika fimbo, amekataa kulala kwetu zaidi ya usiku mmoja.

"Fundi," akamuuliza, "kwa nini mlichelewa hapa? Siku sita tu zingetosha. Nilikuwa nahesabu kutoka mlangoni."

Fundi aliniangalia haraka. "Mama, ni vyuma. Vyuma nzee inachelewesha. Hakuna mutu iko na kosa."

Nilimshukuru moyoni, halafu hapohapo nikajiuliza anataka nini kwetu. Nimejichoka na hiyo tabia ya kushuku. Nikamwambia mukaka yote: stoo, vitambaa, kifuniko, na lile neno nililokaribia kulitamka kati ya watu wa soko. Hiyo ya mwisho hata baba alikuwa hajaisikia. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitoa kofia, akaishika tu.

Mukaka alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu hakuniangalia mimi, alimgeukia fundi na kumnyooshea fimbo.

"Na wewe? Kwa nini ulitaka kunidanganya?"

"Mama, nilikuwa namusaidia mutoto."

"Mtu anayenidanganya kwa wema leo, kesho nitamjuaje?"

Fundi akacheka, ile cheko yake ya kuegemea kitu, na safari hii hakukuwa na kitu cha kuegemea, nusura aanguke matopeni. Baba naye akacheka kidogo. Mukaka hakucheka. Alichukua kapu la kahawa, kimoja kati ya vitu vyenye maji haikubeba, akanitupia miguuni.

"Mawe madogo haiombi pampu," akasema. "Anza pale."

Fundi akapanda juu ya trakta, ikakataa mara moja, halafu ikawaka. Akateremsha kijiko, akachota nusu, akainua. Mimi nikainama na kapu langu nyuma yake.

"Dada!" akapiga kelele juu ya sauti ya moteri. "Toka nyuma yangu! Kaa mahali ninakuona!"

Nikahamia mbele, pale anaponiona.